Gari la Mitumba na Oili Inayolifaa

(Mazungumzo yaliyotangazwa redioni Jumapili iliyopita)

Juma hili nimepokea maswali mengi ya magari, na karibu yote yana sura moja: gari langu nililinunua likiwa limekwisha tumika Japani, sasa limetembea kilometa laki mbili na ushei, fundi ananiambia nitie oili nzito. Je, nimsikilize?

Mmoja wa waulizaji ni mwalimu mstaafu wa hapa Dar es Salaam. Alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua gari dogo lenye injini ya lita moja na nusu, akampa kijana alifanyie kazi ya teksi, na hesabu inayoletwa kila jioni ndiyo inayolipa ada ya wajukuu wawili. Sasa gari hilo linakula oili. Fundi wa kwanza kamwambia atie oili nzito kuliko zote zilizopo dukani. Wa pili kamwambia anunue kopo la dawa amimine kwenye injini. Wa tatu kamwambia injini imekufa, atafute nyingine. Mzee wa watu anauliza: nani kati ya hawa watatu anasema kweli?

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kuuliza, na kwa kuwa nimeendesha magari ya mitumba tangu nilipoanza kupata mshahara, maswali ya namna hii nimewauliza mafundi wengi, baadhi yao wakinijibu kutoka chini ya gari huku naiona miguu yao tu. Nilichogundua ni kwamba mafundi hawapishani sana juu ya oili yenyewe. Wanapishana juu ya ugonjwa wa gari, kwa sababu wengi wao hutaja dawa kabla ya kupima.

Hebu tuanze na kazi ya oili. Ndani ya injini mna vyuma vinavyokwenda mbio huku vikiwa vimekaribiana mno. Kranki, kwa mfano, haizunguki kwa kugusana na beringi zake chuma kwa chuma. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ukikatika hata kwa dakika chache beringi huanza kusagika, na hapo ndipo utasikia watu wanasema injini imenoki. Kazi ya pili ya oili ni kuchukua joto kutoka sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, kama vile chini ya pistoni. Ya tatu ni kusaidia ringi za pistoni kuziba vizuri ili nguvu ya moto isipenye kushuka chini. Tena oili hubeba uchafu: masizi, vumbi la chuma, na tindikali zinazotokana na kuungua kwa petroli. Ndiyo maana oili huwa nyeusi kadiri siku zinavyokwenda, na weusi huo peke yake si ubaya.

Katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 oili imeongezewa kazi nyingine. Mwenye Toyota ataona pengine juu ya injini yake pameandikwa VVT-i. Maana yake ni kwamba muda wa kufunguka kwa valvu hubadilishwa kufuatana na mwendo, na kinachosukuma mtambo huo ni msukumo wa oili yenyewe, ikipita katika njia nyembamba na kichujio kidogo sana. Tutakirudia kichujio hicho, kwa sababu kina neno katika habari hii ya oili nzito.

Sasa zile tarakimu. Juu ya galoni utaona 5W-30, au 10W-30, au 15W-40, au 20W-50. Hivi ni vipimo vya Chama cha Wahandisi wa Magari cha Marekani, SAE, ambacho kimekuwa kikipanga uzito wa oili tangu mwaka 1911. W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Kwa hiyo tarakimu iliyotangulia W hueleza oili itakavyotiririka wakati wa baridi. Kadiri ilivyo ndogo, ndivyo oili inavyokimbia upesi injini inapowashwa. Tarakimu ya pili hueleza uzito wa oili injini ikiwa imekwisha pata moto, kwa kipimo cha nyuzi 100. Hapo 30 ni nyepesi, 40 ni ya kati, 50 ni nzito.

Vipimo vya W hufanywa katika baridi ambayo hatuijui. Oili ya 20W hupimwa kama itaruhusu injini kuzunguka katika nyuzi 15 chini ya sifuri, na ya 5W katika nyuzi 30 chini ya sifuri. Hata Makete mwezi wa Julai, watu wanapoota moto asubuhi, hakufiki huko. Basi mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anaweza kusema, W hainihusu. Angalau asiipuuze kabisa. Injini iliyolala usiku kucha hapa pwani ina joto la nyuzi ishirini na kitu tu, na katika joto kama hilo oili ya 20W-50 ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko ya 5W-30. Kwa hiyo unapowasha gari alfajiri, oili nyepesi inafika juu kwenye kamshafti mapema zaidi. Tofauti ni sekunde chache, lakini ni sekunde ambazo vyuma vinasubiri.

Kwa nini basi Wajapani huyawekea magari haya oili nyepesi, hata 0W-20 katika magari ya karibuni? Sababu ni mbili. Kwao theluji huanguka, na oili nyepesi hupunguza ulaji wa petroli. Watengenezaji wanabanwa na sheria za matumizi ya mafuta, kila tone lina hesabu. Lakini injini zile zile zinapouzwa katika nchi za joto, vitabu vyake mara nyingi huwa na jedwali la hali ya hewa linaloruhusu 10W-30, 15W-40, na pengine hata 20W-50. Kwa bahati mbaya gari la mitumba huja na kitabu cha Kijapani, au bila kitabu chochote. Ni vizuri kumtafuta mtu mwenye kitabu cha Kiingereza cha injini ya aina hiyo hiyo, au kukitafuta kwenye simu kwa kutumia jina la injini. Jina hilo limeandikwa kwenye kibati chini ya boneti. Nasema jina la injini, siyo la gari, kwa sababu gari lenye jina moja huweza kuja na injini tatu tofauti.

Haya, tuje kwenye injini iliyochoka. Injini mpya ina nafasi finyu sana kati ya kranki na beringi, na kati ya pistoni na silinda. Baada ya kilometa laki mbili nafasi hizo zimepanuka kidogo. Oili nyepesi hupita pale kwa urahisi zaidi, msukumo wake unapungua, na nyingine inapenya kwenye ringi ikaungue pamoja na petroli. Ukitia oili nzito kidogo, utando wake ni mnene zaidi, unajaza nafasi ile, kelele inapungua na ulaji wa oili unapungua. Kwa hiyo fundi wa kwanza hasemi upuuzi. Kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 au 15W-40 katika gari lililotembea sana, katika joto letu hili, ni hatua ya busara, na madereva wengi wameichukua bila madhara.

Ninapotofautiana naye ni pale anaporuka moja kwa moja hadi iliyo nzito kuliko zote. Oili nzito haijazi chuma kilichosagika. Ringi iliyokwisha kazi imekwisha kazi. Tena oili nzito mno ina gharama zake: pampu inafanya kazi kubwa zaidi, petroli inaliwa zaidi, na zile njia nyembamba na kichujio kidogo cha VVT-i, ambavyo katika injini kuukuu mara nyingi vimekwisha fanya utando wa uchafu, vinapitisha oili kwa shida. Matokeo yake gari linakuwa zito, au taa ya injini inawaka, na mwenye gari anaanza kununua vifaa ambavyo havikuwa na ubovu. Kwa injini ya VVT-i mimi nisingevuka 40 bila sababu iliyopimwa.

Na kupima kwenyewe si lazima kuwe kwa mashine. Moshi una lugha yake. Mwombe mtu asimame nyuma ya gari asubuhi unapoliwasha. Ukitoka moshi wa bluu kwa muda mfupi halafu ukakoma, mara nyingi sili za valvu zimekauka: oili ilikuwa inachuruzika usiku ikakaa juu ya pistoni. Sili hizo ni vifaa vidogo vya mpira, na fundi mzuri huzibadilisha bila kuifungua injini yote. Moshi wa bluu ukitoka unapokanyaga mafuta kupanda kilima, na ukaendelea, hapo shaka iende kwenye ringi, na hiyo ni kazi kubwa. Moshi mweusi ni habari ya petroli nyingi, si ya oili. Moshi mweupe usiokoma, huku oili kwenye dipstiki imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, ni maji yameingia kwenye oili, aghalabu kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua. Gari hilo lisiwashwe tena hata kidogo, na usijaribu kulitibu kwa oili ya aina yoyote.

Kuna kifaa kingine ambacho husahauliwa mno. Kila injini ina pua ya kupumulia, valvu ndogo inayorudisha hewa chafu ya ndani ili iungue upya. Mafundi huiita PCV. Ikiziba kwa uchafu, hewa inakosa njia, inasukuma oili itoke kwenye sili au iingie kwenye silinda. Nimeona gari lililokuwa linavuja kila upande likaacha kuvuja kwa kusafishwa kifaa hicho tu, na bei yake katika maduka ya spea ya Kariakoo hailingani hata kidogo na ya kufungua injini. Basi mwalimu wetu amwombe fundi aanzie hapo. Kisha aangalie uvujaji wa nje kwa kutandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari usiku mmoja. Kisha sili za valvu. Fundi anayesema injini imekufa bila kufanya hata moja katika haya anakisia kwa kutumia fedha za mwingine.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu linaua injini nyingi za teksi kuliko aina ya oili. Gari kula oili si kifo. Watengenezaji kadhaa huandika katika vitabu vyao kwamba injini inaweza kutumia hadi lita moja kwa kilometa 1,000 na bado ikahesabiwa haijavuka mpaka. Lakini fanyeni hesabu. Injini ndogo ya 1NZ-FE, iliyomo katika magari mengi ya lita moja na nusu ya Toyota, huchukua oili lita 3.7 pamoja na filta. Teksi inayotembea kilometa 150 kwa siku humaliza kilometa 1,000 katika juma moja. Kama inakula lita moja kwa kilometa 1,000, baada ya majuma mawili imebakiwa na chini ya nusu ya oili yake, na mwenyewe anajivuna kwamba ametia oili ya bei mbaya na bado hajafikia siku ya kuibadilisha!

Na nani anaichungulia? Mwenye gari yuko nyumbani, anangojea hesabu. Kijana yuko barabarani tangu saa kumi na moja alfajiri. Akinunua kopo la oili kwa fedha yake mwenyewe, amepunguza chakula cha watoto wake kwa ajili ya gari la mtu. Akimpigia simu tajiri kumwambia oili imepungua, anaulizwa, umeifanya nini oili yangu? Kwa hiyo ananyamaza, anawasha redio, anaomba Mungu. Simlaumu. Mapatano yenyewe ndiyo mabovu. Wenye teksi, oili iwe juu yenu, siyo juu ya dereva. Wekeni kopo la lita moja kwenye buti, na daftari la shilingi chache kwenye droo ya mbele. Kila asubuhi, gari likiwa limesimama mahali pa tambarare na injini imepoa, kijana achomoe dipstiki, aifute, aichovye tena, aandike: tarehe, kilometa, oili imefika wapi, ameongeza kiasi gani. Kati ya alama ya chini na ya juu pana takriban lita moja hadi moja na nusu, kwa hiyo aongeze kidogo kidogo asipitilize. Oili iliyozidi nayo hupigwa na kranki ikafanya povu, na povu haliwezi kubeba beringi.

Mimi mwenyewe gari langu limetembea kilometa 240,000 na lina daftari kama hilo. Linanionyesha kitu ambacho fundi hawezi kukiona kwa kuchungulia mara moja: kama ulaji unaongezeka au umetulia. Gari linalokula nusu lita kwa kilometa 1,000 mwaka jana na mwaka huu ni mzee mwenye afya yake. Lililokuwa likila nusu lita mwezi wa tatu na sasa linakula lita moja na nusu, hilo linakwenda chini, na mwenye nalo aanze kuweka akiba ya matengenezo kabla halijamwangusha njiani.

Neno moja juu ya ile taa nyekundu yenye picha ya birika la oili. Wengi hudhani inawaka oili ikipungua, basi wanajiambia, haijawaka, niko salama. Taa ile hupima msukumo, haipimi kiasi. Ikiwaka ukiwa barabarani maana yake oili haifiki kwenye beringi, na una sekunde, siyo kilometa. Zima injini pale pale, hata kama ni katikati ya foleni ya Ubungo na watu wanakupigia honi. Katika gari lililochoka huanza kwa kumulika injini ikiwa na moto na gari limesimama kwenye taa za barabarani, kisha inazimika ukikanyaga mafuta. Hapo fundi afungue kihisio chake, afunge geji ya kupimia msukumo, aone ukweli. Mara nyingine ni kihisio kibovu. Kama msukumo kweli ni mdogo na beringi zimelika, ndipo oili ya 50 inapopata nafasi yake ya haki, kama gongo la mgonjwa, la kumvusha miezi michache wakati fedha za matengenezo zinatafutwa. Anayeliuza gari lake katika hali hiyo kwa mtu asiyejua ametenda uovu, na wanunuzi wawe macho: injini iliyojazwa oili nzito siku ya mauzo hunyamaza kimya kama kondoo. Pima gari likiwa limelala, siyo lililokwisha pashwa moto kabla hujafika.

Turudi dukani. Pamoja na tarakimu, galoni la oili lina herufi za Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, nazo ni muhimu kuliko picha ya gari la mashindano iliyochorwa juu yake. Herufi ikianza na S ni ya injini za petroli. Ikianza na C ni ya dizeli. Herufi ya pili huonyesha kizazi cha oili. SL ilikuja mwaka 2001, SM mwaka 2004, SN mwaka 2010, SP mwaka 2020. Mpya inaruhusiwa kutumika badala ya ya zamani, kwa hiyo gari la mwaka 2003 likitiwa SN au SP limetiwa kitu bora kuliko kile lilichozaliwa nacho. Kinyume chake hakifai. Ukikuta galoni la bei ya chini limeandikwa SF, jua kwamba API yenyewe inasema daraja hilo halifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Kwa fedha ile ile, chukua oili ya kawaida ya daraja jipya kuliko ya jina kubwa ya daraja lililopitwa.

Wenye magari ya kale kabisa, Peugeot 504 na Datsun za enzi zile, wao wana habari yao. Kamshafti zao husuguana na vyuma bapa na zinahitaji madini ya zinki na fosforasi ambayo yamepunguzwa katika oili nyepesi za siku hizi. Kwao 15W-40 au 20W-50 ni sawasawa, kwa kuwa uzito huo haukubanwa na sheria ile.

Na sintetiki je? Ni oili iliyotengenezwa kwa ustadi zaidi, hustahimili joto na haigandi uchafu upesi. Kuna maneno kwamba ukiitia katika gari kuukuu litaanza kuvuja. Maneno hayo yana asili yake: zile za mwanzo, miaka ya 1970, ziliwahi kusinyaza sili. Za leo hazina tabia hiyo. Lakini ni kweli kwamba gari lililozibwa nyufa zake na uchafu wa miaka huweza kuvuja likisafishwa, na lawama ikaangukia oili. Kwa gari linalokula lita moja kila juma, sintetiki ya bei kubwa ni kuchoma fedha kwa maana halisi ya neno. Tia oili ya madini yenye daraja zuri, badilisha mapema. Kwa gari lililotembea sana lakini halili oili, sintetiki au iliyochanganywa ni matumizi mazuri. Pia ziko oili zilizotengenezwa kwa ajili ya magari yaliyotembea sana. Valvoline waliitoa ya kwao, MaxLife, mwaka 2000 huko Marekani, na wengine wakafuata. Zina viungo vya kulainisha mpira wa sili uliokauka. Kama tatizo ni sili zinazotoa jasho, zinasaidia. Kama ni ringi, hazisaidii.

Ile dawa ya fundi wa pili, kwa kawaida, ni kitu kizito kama asali kinachofanya kazi ile ile ya kuongeza uzito wa oili. Oili nzuri imekwisha changanywa na viungo vyake kiwandani kwa vipimo. Sioni sababu ya kulipa mara mbili.

Baya zaidi ni kusuuza injini kwa dizeli au mafuta ya taa, kazi ambayo bado inafanywa katika gereji nyingi za mitaani. Dizeli haina uzito wa kubeba beringi. Tena hubandua uchafu kwa mapande, yanakwenda kuziba chujio la pampu chini kwenye sampu, na injini iliyokuwa ikifanya kazi asubuhi inanoki jioni. Ukitaka kusafisha injini chafu, badilisha oili na filta, tembea kilometa 2,000, badilisha tena. Oili yenyewe ndiyo sabuni, inasafisha polepole.

Na ubadilishe baada ya muda gani? Kilometa 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia, ndicho kipimo kinachofaa gari kuukuu katika mji kama huu. Lakini kilometa zinadanganya. Gari linalokaa saa moja na nusu kwenye foleni ya Mandela kila jioni injini yake inafanya kazi na kilometa hazisogei. Kwa teksi za mjini mimi ningeshuka hadi kilometa 4,000, na filta ibadilishwe kila mara. Kuacha filta ya zamani ni kuoga na kuvaa shati lile lile.

Kwa wenye Hiace na Land Cruiser za dizeli niseme kwa ufupi tu: tafuteni 15W-40 yenye herufi CI-4, na msiogope ikiwa nyeusi siku ya pili, masizi ya dizeli ndivyo yalivyo.

Mwisho, oili bandia. Wapo wanaokusanya oili chafu, wanaichuja, wanaitia katika galoni lenye jina kubwa na kuiuza kama mpya. Shirika la Viwango, TBS, na Tume ya Ushindani wana wajibu wao katika hili, lakini galoni tunawapa sisi. Nunua kwa wakala anayekupa risiti, angalia kama mfuniko una pete yake na haijakatwa, na ukimaliza kumimina, litoboe galoni kwa msumari pale pale mbele ya fundi. Oili chafu usiiruhusu imwagwe mtaroni, inakwenda kwenye visima na baharini. Najua baadhi yenu huichukua kupaka nguzo kwa ajili ya mchwa. Afadhali wakala mwenye pipa la kuikusanya, mpelekee.

Juma lijalo, tukijaliwa, nitawajibu wale walioniuliza kama ni sawa kujaza rejeta kwa maji ya bomba.